Mak Andak Rokiah na Gari la Jeneza Lililogoma

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum, na kwenu nyote mlio wa dini nyingine, habari za asubuhi. Huo mnaousikia si mkoromo wa redio zenu. Ni mvua ya Taiping juu ya bati la studio yetu, na mvua hii haijawahi kuheshimu kipindi cha mtu. Mimi ni Zaharah Mat Piah. Leo hatusomi salamu za harusi wala bei za samaki. Leo tunamkumbuka mtu mmoja.

Rokiah binti Sudin amefariki. Alifariki Jumanne iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwake katika kijiji cha Kampung Tebing Ara, na tulimzika Jumatano asubuhi. Alikuwa na miaka sabini na moja. Ninyi mlimjua kama Mak Andak, yaani mama mdogo, na mlimwita hivyo hata ninyi mliomzidi umri. Narudia kwa waliochelewa kufungulia redio: Mak Andak Rokiah, fundi wa kompyuta za magari, ametutoka.

Fundi wa kompyuta za magari. Sisemi zile za ofisini. Nasema lile boksi la bati, ukubwa wa kitabu, linalofichwa nyuma ya dashibodi katika magari yetu ya miaka ya tisini, yale ya kwanza kuachana na kabureta na kupuliza mafuta kwa amri ya umeme. Boksi likiugua, gari linakufa. Na kwa miaka thelathini, kuanzia Parit Buntar mpaka Kuala Kangsar, boksi lililougua liliishia juu ya meza moja yenye kitambaa cha plastiki cha maua, mbele ya mwanamke mmoja aliyevaa miwani juu ya miwani. Huyo alikuwa wa kwetu. Nasema hivyo nikiwa nimenyoosha mgongo, na ninyi mlioko nyumbani nyoosheni yenu.

Alizaliwa mwaka 1953, mtoto wa nne wa mgema wa mpira. Akiwa na miaka kumi na tisa alipanda basi kwenda Bayan Lepas, wakati viwanda vya vifaa vya umeme vinafunguliwa na vinatafuta wasichana wenye mikono mitulivu. Mama yake alilia siku mbili. Walichomuuliza kiwandani ni kitu kimoja tu, kama anajua kutarizi. Akasema anajua. Wakamkalisha mbele ya darubini, wakampa chuma cha kulehemu chenye ncha kama sindano, na hapo akakaa miaka sita, akiunganisha vipande vidogo kuliko punje ya mchele.

Mwaka 1978 aliolewa na Sidek bin Lope Ahmad, fundi magari wa hapa, akarudi nyumbani. Watu wakasema, haya, miaka sita ya darubini yote imeishia kwenye kufua ovaroli. Alilea watoto watatu, akawa anauza vitafunio vya majani ya pandani mbele ya gereji ya mumewe. Gereji hiyo mnaijua, ile ya kona ya kwenda Kamunting, yenye bati lililopindika.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 1993 gari moja la kupuliza mafuta lililetwa kwa Sidek. Linawaka, linatetemeka, linazima. Sidek alibadilisha plagi. Alibadilisha koili. Alibadilisha kila alichoweza kukifikia kwa spana. Mwishowe akachomoa lile boksi, na kwa kuwa hakujua la kufanya nalo, akalileta nyumbani.

Mzee Sidek ana miaka sabini na nane leo, na alinisimulia mwenyewe juzi pale msibani. Alisema, "Nililificha chini ya ovaroli kama mwizi wa kuku. Kiah wangu akalichukua, akalifungua kwa kisu cha mezani, akalinusa. Akaniambia linanuka samaki. Nikamwambia, mama wee, hiyo ni sufuria yako. Akasema, 'Leo sijawasha jiko.'"

Na kweli lilikuwa linanuka samaki. Ndani ya boksi mna vipipa vidogo vya kuhifadhi umeme, mafundi wanaviita kapasita. Vikizeeka vinavuja, na yale maji yake yana harufu ya samaki, tena yanakula njia za shaba chini yake. Mkewe Sidek alivitazama akacheka. "Hawa nawajua," akasema. "Nimewapanga kwa maelfu." Akang'oa vipipa vingine kwenye redio mbovu ya marehemu baba yake, akavilehemu, akaziba zile njia zilizoliwa kwa nyuzi za shaba. Kesho yake gari liliwaka likatulia.

Mnawajua mafundi wetu. Habari ilipofika gereji za jirani walikuja kumcheka Sidek. Mmoja akamuuliza, "Nasikia mkeo anapika kompyuta siku hizi. Anaweka na kitunguu?" Mzee Sidek alikiri kwamba siku hiyo na yeye alicheka pamoja nao, na jambo hilo linamuuma mpaka leo. Lakini haikupita miezi mitatu wale wale wakawa wamesimama foleni na maboksi kwapani, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule wa kitunguu. Mak Andak akalipokea boksi lake kwa heshima zote. "Lako," akamuuliza, "nilikaange au nilichemshe?"

Baadaye maboksi yakaanza kuja kwa basi. Yalikuja ndani ya makopo ya biskuti, yamefungwa kwa khanga kuukuu na magazeti, kutoka Ipoh, kutoka Alor Setar, mengine hata kutoka Kelantan ng'ambo ya milima. Makondakta waliyashusha pale kituoni wakasema tu, "Ya Mak Andak haya." Hakuna aliyeuliza Mak Andak yupi.

Wasikilizaji wapendwa, mlioingia katika gereji ile mnakumbuka maandishi mekundu ukutani. USITOE BETRI. MSALIMIE KWANZA. Nieleze kidogo kwa wasiojua. Haya magari ya zamani yana kumbukumbu. Kompyuta inapoona jambo haliendi sawa, inaliandika ndani. Ukitaka kusoma, na huko ndiko kumsalimia, unaunganisha matundu mawili ya soketi iliyo chini ya usukani kwa kipande cha waya. Mak Andak alitumia pini ya hijabu yake. Hapo taa ya injini inaanza kumweka, mimweko mirefu na mifupi, nawe unahesabu. Lakini ukitoa waya wa betri, hata kwa dakika moja, maandishi yote yanafutika.

Na mafundi wetu walikuwa na desturi gani? Gari likizima, cha kwanza ni kutoa betri. Wanasema gari lipumzike. Mak Andak alikuwa mpole, lakini hapo alikuwa anawaka. "Mmemziba mdomo," alikuwa akisema, "halafu mnaniletea mimi mnaniuliza alisema nini."

Alikuwa na neno jingine, na hili naomba mlishike. Alikuwa anasema taa inakuambia nani analalamika, haikuambii nani mkosaji. Kompyuta ikilalamika juu ya sensa, kile kifaa kidogo kinachoipa habari za injini, fundi mwenye haraka anatupa sensa, ananunua mpya, na gari linazima vile vile. Mak Andak alizikusanya zile sensa na pampu zilizotupwa bila kosa, akazipanga kwenye rafu moja ndefu. Aliiita rafu ya wasio na hatia. Binti yake Azwani alizihesabu jana. Ziko mia mbili na kumi na saba.

Sasa nafika mahali ambapo mtangazaji angepaswa kukaa pembeni ya habari. Mimi siwezi. Mniwie radhi.

Baba yangu, Mat Piah bin Kulup, alifariki mwezi wa tano mwaka 2003, alfajiri ya Alhamisi, kwa moyo. Wengi wenu aliwakatia tiketi za sinema pale mjini mpaka sinema ilipofungwa, na wengi wenu aliwapigia kodiani kwenye harusi zenu. Msikitini alikwenda Ijumaa. Siku nyingine, hiyo ni kati yake na Mola wake. Alikuwa mtu wa kucheka na wa kuchekesha, na hakumdhulumu mtu.

Siku ile mvua haikunyesha. Gari la jeneza la chama chetu cha mazishi, lile jeupe lenye maandishi ya kijani, lilimpeleka baba msikitini saa nne. Likaegeshwa juani, madirisha yamefungwa, mpaka baada ya sala ya adhuhuri. Akaswaliwa, jeneza likarudishwa ndani, likaondoka. Kwenye kona mbovu, pale penye tanuri la kuchomea makaa, likazima. Pak Itam, dereva, akajaribu na kujaribu. Baada ya nusu saa likawaka. Likafika mlango wa makaburi, likazima tena, na safari hiyo halikuwaka kabisa. Wanaume wakamtoa baba, wakambeba mabegani kupanda ule udongo mwekundu. Jioni Pak Itam alirudi kulifuata. Ufunguo mara moja tu, likawaka.

Jumamosi asubuhi alizikwa ustadhi mmoja mzee, mtu wa dini kwelikweli. Gari lile lile, njia ile ile, kona ile ile. Lilikwenda kama limepakwa mafuta.

Basi, hapo tukapatikana. Kwenye kibanda cha kahawa alikuwapo Pak Long Hanapi, katibu wa chama cha mazishi, Mwenyezi Mungu amrehemu na yeye sasa. Alisema, "Mimi sisemi kitu. Ninachosema, gari hili limebeba watu arobaini. Limemkataa mmoja."

Mtu akishasema kwamba hasemi kitu, basi amesema. Kufikia Jumatatu soko zima lilijua kwamba gari la jeneza lilimkataa Mat Piah. Mama yangu, Che Yam, alikwenda kununua samaki, na pale alipofika watu wakanyamaza. Kwenye kisomo cha siku ya saba tulipika wali wa watu mia moja. Walikuja kumi na mmoja. Mama alikaa jikoni akiitazama ile sufuria, kisha akaniambia kwamba atauza nyumba ahamie Muar kwa dada yake. Nikamuuliza, na baba je? Akasema, "Baba yako atabaki hapa peke yake, na watu wanaomsema." Alianza kufunga vyombo siku hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Kati ya wale kumi na mmoja, mmoja alikuwa Mak Andak. Alikula vizuri. Alipomaliza aliniita. "Zaharah, lilizima saa ngapi?" Nilidhani na yeye ananisanifu. Nikamwambia baada ya adhuhuri. "Na la ustadhi lilikwenda saa ngapi?" Nikasema saa mbili asubuhi. Akatikisa kichwa, akaomba wali wa kubeba.

Kesho yake alikwenda msikitini kumwomba Pak Itam ufunguo. Pak Itam, maskini, alikuwa ameshafanya yote aliyoweza. Alikuwa ametoa betri siku tatu ili gari lipumzike. Tena alikuwa ameliombea dua, akanyunyiza maji ya dua kwenye injini na dashibodi. Mak Andak alishusha pumzi. "Dua ni nzuri, Pak Itam," akamwambia. "Endelea nayo. Lakini maji yaweke mbali na boksi, na betri hiyo usiiguse tena mpaka kiama."

Kumbukumbu ilikuwa imefutika. Lile gari lilikuwa limeandika kwa nini lilizima na baba yangu ndani, na maandishi hayo hayapo tena. Njia ikabaki moja, kulifanya lizime tena.

Wasikilizaji wapendwa, nani kati yenu angekubali kukaa peke yake ndani ya gari la jeneza? Yeye alikaa. Siku ya kwanza aliliwasha mchana, akafunga madirisha, akasubiri, na mvua ikanyesha. Siku ya pili jua lilikuwa kali, naye akakaa ndani masaa mawili injini ikinguruma. Halikuzima. Alitoka hijabu imelowa kama ametoka mtoni. Na Pak Long Hanapi, kutoka kwenye kibanda chake cha kahawa, akasema tena kwamba yeye hasemi kitu, ila watu wameona wenyewe, fundi halikumkataa.

Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Mzee Sidek alimsihi aache, kwa sababu ya presha yake. Na mama yangu alimfuata mpaka gerejini. Mimi nilikuwapo. Mama alisema, "Andak, niache niende na aibu niliyo nayo. Usiniongezee nyingine." Mak Andak alimshika mkono wala hakumwahidi kitu. Alisema tu, "Yam, mimi ndiye nimekosea, gari halijakosea. Nipe mpaka Ijumaa."

Na alikuwa amekosea, alinieleza baadaye. Injini ikiwa inazunguka na hewa inapita chini ya dashibodi, boksi halipati joto lile. Siku ya baba gari lilikuwa limezimwa, limefungwa, linaiva masaa matatu. Kisha likaingia kwenye kona yenye mashimo. Ni joto pamoja na mtikisiko. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Ijumaa aliliacha juani tangu asubuhi, limefungwa. Msikiti ulipotoka, kijiji kizima kikiwa pale uwanjani, akafungua mlango wa dereva. Halafu akaita. "Pak Long, panda."

"Niende wapi?"

"Kwenye tanuri la makaa. Wewe ndiye unayejua lilipogomea."

Pak Long alitazama kulia, akatazama kushoto. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Akapanda. Na kwa kuwa haifai mwanamke na mwanamume kukaa wawili peke yao, Pak Itam akaingia nyuma, akakaa palepale jeneza linapokaa, tasbihi mkononi. Sisi tukafuata, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu. Mama yangu hakuja. Alikuwa nyumbani na masanduku yake.

Walifika kwenye kona. Gari likaruka shimo la kwanza, likaruka la pili, likazima.

Mak Andak hakutoka nje. Alichomoa pini kwenye hijabu yake, akainama chini ya usukani, akaunganisha yale matundu mawili. Taa ikaanza kumweka. Akasema, "Pak Long, macho yangu mabovu. Nihesabie. Kwa sauti, na wa nyuma wasikie."

Pak Long Hanapi akahesabu. "Mrefu mmoja. Mrefu wa pili. Mfupi mmoja. Mfupi wa pili."

"Tena."

Akahesabu tena. Mbili na mbili. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye ndevu. Mak Andak akatueleza sote, bila haraka, kwamba mbili na mbili maana yake kompyuta inalalamika haiusikii mzunguko wa injini, na isipousikia inakata mafuta na moto. Mtu mmoja nyuma yangu akasema basi sensa imekufa. Mak Andak akamjibu kwamba huyo ndiye aliyetajwa tu, tumpime kwanza. Akaipima sensa kwa mita yake. Nzima. Akaupima waya hatua kwa hatua mpaka kwenye boksi. Mzima. Basi ikabaki ndani ya boksi lenyewe.

Akalichomoa. Akalifungua juu ya boneti, juu ya gazeti. Akatoa lenzi yake, akatafuta kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ule mwaka mzima. Halafu akaacha kusogea. Akampa Pak Long lenzi.

Palikuwa na ufa. Ufa wa mviringo, mwembamba kama unywele, umezunguka mguu wa kipande kimoja cha ndani, mahali ulipolehemiwa. Boksi likipoa, ufa unagusana, gari linakwenda. Likiiva na kutikiswa, unaachana. Pak Long aliutazama. Pak Itam akautazama. Imamu akavua miwani, akautazama, akavaa miwani, akautazama tena. Na mimi nikautazama. Ilikuwa ni lehemu iliyochoka, basi. Kitu kilichomtia mama yangu aibu karibu wiki mbili hakikufika upana wa unywele.

Aliunganisha chuma cha kulehemu kwenye betri, akaugusa ule mguu mara moja, moshi kidogo ukapanda, kwisha. Akalirudisha boksi. Likawaka. Akaipita kona ile mara tisa, kwenda na kurudi, katika jua lile lile, Pak Long akiwa bado amekaa pembeni yake kwa sababu hakuruhusiwa kushuka.

Alipomshusha alimwambia maneno haya, na nilikuwa karibu nikayasikia. "Pak Long, lile la kwanza ulilitangaza vizuri sana, lilifika mpaka sokoni. Na hili litangaze hivyo hivyo."

Alilitangaza. Nampa haki yake, alilitangaza kibanda kwa kibanda. Jioni alikuja kwetu na kapu la matunda ya langsat, akasimama kwenye ngazi. Mama alimwacha asimame kidogo, na mimi sikumlaumu. Kisha akamwambia, "Ingia, chai inapoa." Kwenye kisomo cha siku ya arobaini tulipika wali wa watu mia moja, ukaisha kabla ya saa saba. Ilibidi tukaazime kwa jirani.

Mak Andak aliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Alifundisha wasichana saba na wavulana wanne, na kila mmoja alianza kwa kutarizi, hata wavulana. Magari mapya yalikuja, yenye kompyuta kumi ndani yake na mashine za kuyasoma. Yeye alibaki na yale ya zamani, kwa sababu wenye magari mapya wana pa kwenda. Sukari ilipomwibia macho, alikuwa akinusa boksi, akipapasa, na Azwani akimwambia anachokiona. Azwani ndiye aliye kwenye ile meza sasa. Aliniambia, "Kwenye meza ya Mama, neno labda liliruhusiwa mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo ukapime."

Nilimtembelea mara ya mwisho mwezi wa Shaaban. Alikuwa kitandani, lakini alikuwa amedai sinia la dagaa wakavu, anawatoa vichwa kwa vidole, maana hakuweza kukaa bure. Kuna swali nililokuwa nimelibeba kwa miaka zaidi ya ishirini, nikasema leo nitaliuliza. Nilimwuliza, "Mak Andak, siku ile kwenye tanuri. Mama alikuwa ameshafunga mizigo. Kama usingeuona ule ufa, ungesema nini?" Nadhani nilitaka aseme kwamba angetudanganyia. Kwamba kwa ajili yetu angeonyesha popote tu, maana nani angejua?

Hakuacha dagaa wake. "Ningesema bado sijauona."

"Halafu?"

"Halafu kesho ningekaa tena ndani ya gari."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mzee Sidek, kwa Azwani na ndugu zake wawili, kwa wajukuu, na kwa mafundi wote wa kona ya Kamunting mliofunga milango Jumatano, sisi wa redio hii tunawapa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu amrehemu Mak Andak Rokiah binti Sudin, amsamehe, na aipanue nafasi yake. Kisomo ni leo baada ya magharibi, nyumbani kwake. Nendeni. Msiwaachie kumi na mmoja.

Na wewe unayenisikiliza, ukiwa jikoni, ukiwa barabarani, fikiri kidogo pamoja nami. Leo, kesho, utaambiwa jambo juu ya mtu ambaye hawezi tena kujibu. Kama hujauona ufa, sema bado hujauona. Si lazima uwe fundi ili kusema hivyo.

Nimalize. Nyuma ya kioo cha studio amekaa bibi mmoja wa miaka themanini na moja. Amekuja kwa mvua hii, kwa teksi, bila kuniambia. Ni mama yangu, Che Yam. Hakuhamia Muar. Kila Ijumaa yuko kaburini kwa mumewe, na kuanzia wiki hii ana makaburi mawili ya kusafisha. Amenipitishia karatasi, ameandika majina anayotaka yasomwe hewani, yote mawili, kamili, kwa sauti, na wa nyuma wasikie.

Rokiah binti Sudin.

Mat Piah bin Kulup.